Mama Mkwe Kwenye Ndoano

Mume wangu alianza uvuvi wake uani, ndani ya karai langu la kufulia. Mzungu wake wa kazini, alipokuwa anarudi Ulaya, alimwachia ufito mrefu wa kuvulia, nzi wa bandia wa manyoya wenye ndoano, na kayaki, mtumbwi mwembamba wa turubai wa kukunja. Basi kila Jumapili baada ya misa, wenzake wa kambi ya reli wakienda kunywa pombe ya munkoyo, yeye aliketi karaini, maana kwenye kayaki hakuna kusimama, akarusha mshipi: nyuma, ngoja, mbele. Nguo zangu zilizoanikwa aliwahi kuzivua zote.

Kurusha si kazi, alinihubiria. Kazi ni mshipi uliolegea: uuweke duara juu ya duara katika beseni katikati ya magoti, la sivyo utakuzinga miguu. Beseni lenyewe, bila shaka, lilikuwa langu.

Wakati huo tumbo langu lilikuwa kubwa, na mama alikuwa amefika kutoka Mitwaba kunichukua nikazalie kwao. Mimi sikutaka. Nilimpenda yule kichaa wangu, na kumwacha kuliniuma. Mama naye alikuwa hajakata shauri kama tuondoke au tubaki. Alikuwa bado anamchunguza mkwe wake, tena kwa kuchungulia pazia, maana kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani uso kwa uso. Wakikaribiana, kila mmoja ageuke na kujitenga. Ndiyo heshima.

Jumapili moja beseni nililichukua nioshee sombe, majani ya muhogo. Mama akatokea upande wa jikoni, akidhani mkwe wake bado yuko kanisani. Mshipi ukaenda nyuma, ndoano ikanasa kikwembe alichojifunga, makalioni. Mume wangu, bila kugeuka, akavuta.

Mama alishika nguo, akamwona mkwe wake karaini, akafanya kama heshima inavyotaka: akageuka, akakimbia. Mshipi, uliokuwa umejizinga miguuni mwa mvuvi, ukakaza. Karai likapinduka, naye akaburutwa uani kwa matako, amejifunika uso kwa mikono yote miwili asimwone mama mkwe. Kadiri mama alivyozidi kumheshimu, ndivyo alivyozidi kumburuta.

"Ambia bwana yako aache kunivuta!" mama alipiga kelele, ameshajificha nyuma ya choo.

"Ambia mama aache kukimbia!"

Na mimi na tumbo langu katikati, napeleka habari huku na huku, majirani wamejaa uani wanacheka mpaka machozi. Mwishowe niliukata mshipi kwa kisu cha sombe, kwa hasira.

Jioni nilimkuta mama ameinamia kikapu chake. Nikadhani anafunga mizigo. Nikamuuliza, tunaondoka lini?

Kumbe alikuwa anatoa vitu, hapakii.

"Mu hii nyumba batoto iko babili," alisema. "Moja angali mu tumbo. Ule mukubwa, tutamuachia nani? Tunabakia."

Nililia kwa furaha, sikuona aibu.

Nyumba yetu ilikuwa na mlango mmoja tu. Kwa hiyo mpaka nilipojifungua, mume wangu aliingia na kutoka kwa dirisha asikutane na mama. Na kila alipokwama pale, nusu ndani, nusu nje, mama aliugeukia ukuta na kuniagiza:

"Ambia bwana yako: nyuma, ngoja, mbele."