Mkwe wa Nyuma ya Pikipiki

Haya hayakumpata jirani wala binamu. Yalinipata mimi, mchana, jua likiwaka, hapa Kamina ambako kazi yangu ni kuosha maiti wa kike. Ukitaka kucheka, cheka.

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba cha maiti nikaona pikipiki inaingia, imejaa vumbi la njia ya Kaniama. Watu watatu. Mbele dereva. Katikati mama mzee aliyevikwa sweta, kichwa kimemlalia dereva begani. Nilijua mara moja kwamba amekufa. Magari ni adimu, kwa hiyo wafu wetu wengi husafiri hivyo kuja kuoshwa na kupata sanduku, wamekalishwa na kufungwa kamba. Nyuma yake mwanamke kijana, mwembamba, sikio moja limechanika. Alikuwa amemkumbatia yule mzee kiunoni, amembana kweli kweli.

"Mama, umuoshe muzuri," akaniambia. "Njo mama-bukwe wangu. Tutalala pamoja."

Akatabasamu. Nikasema moyoni, ni uchungu wa kufiwa na mama mkwe. Nani hasemi ovyo akifiwa?

Tulimfungua mzee, mimi na dereva, tukamlaza mezani. Nikauliza, "Ule mwanamuke wa nyuma iko wapi?"

"Mwanamuke gani, mama? Tulikuya babili tu, minyi na maiti."

Niamini: nilipovua ile sweta, kiunoni kulikuwa na alama za vidole, zimezama nyamani.

Jioni wanawe walifika. Nikawaeleza niliyemwona. Mkubwa wao akacheka.

"Njo Numbi, bibi ya marehemu kaka yetu. Alimukula kaka kwa bulozi, tukamufukuza. Mama njo alimung'olaka hereni, sikio likapasuka. Alikufiaka hapa Kamina. Nani angekuya kumuzika mulozi?"

Kwenye friji kulikuwa na mwanamke asiye na wenyewe, aliyepokelewa na mwenzangu nilipokuwa mgonjwa. Nikamfunua. Ni yeye. Sikio lile, tabasamu lile. Na mikono, ambayo mwenzangu ameapa aliinyoosha mwenyewe, ilikuwa imepinda mbele ya kifua, kama ya mtu anayekumbatia.

"Mumuchukue basi," nikawasihi. "Mumuzike pamoja na mama yenu."

"Abakie," mkubwa akanijibu.

Kesho yake walirudi Kaniama na sanduku juu ya kamioneti, gari dogo la mizigo. Numbi alikuwa ameketi juu ya sanduku, miguu inaning'inia. Wao hawakumwona.

Mwili wake tuliuzika sisi wa kazini, katika mkeka, kwa kuwa mikono ile ilikataa kuingia sandukuni. Madereva wa Kaniama wananiambia yule mkubwa sasa anatembea amejikunja, analia kwamba kuna mtu anamkaba kiuno, na mke wake amemkimbia. Nami? Mke wa mwanangu akinikumbatia Jumapili baada ya ibada, jasho hunitoka, na yeye anadhani simpendi.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu wa kwenu mliyemwacha amelala peke yake mahali fulani, hata kama mlimchukia, nendeni mkamzike. Msingoje aje yeye.