Mkojo Ulionifukuza Msikitini

Ndugu zangu wa Mohoro, wengi wenu mlinunua kanga dukani kwa marehemu baba. Nilikuwa mtoto tulipohamia Kanada, na huko nikaja kulipwa mshahara kwa kucheza mpira wa magongo juu ya barafu. Nilikuwa beki. Mpira wenyewe ni kisahani kigumu, kinakuja kama jiwe la kombeo, nawe unakizuia kwa mwili. Bibi alitusimulia watu wa Maji Maji walioamini risasi zitageuka maji. Mimi niliamini mifupa yangu.

Siku moja mshambuliaji alinibamiza kwenye ukuta wa uwanja. Nyonga ikavunjika, mfupa ukachana njia ya mkojo. Nililazwa muda mrefu nimewekewa mpira wa kutolea mkojo. Ulipoondolewa, mkojo ukawa unatoka wenyewe. Nikikohoa, unatoka. Nikiinama, unatoka. Kazi ikaisha hapo.

Nikarudi huku kwa Shangazi Zainabu, dada yake baba. Mlidhani nimekuja kupumzika, kumbe najificha. Nilijifunga vitambaa ndani ya msuli niliovaa na kuvifua kwa siri. Nanuka, najijua. Msikitini nikaacha kwenda, hata Ijumaa.

Kisha nikalowesha mkeka mbele ya wageni. Nilikaa palepale, siinuki, mpaka walipoaga. Shangazi akaja akaketi kando yangu, juu ya unyevu uleule.

"Nimelea watoto, nimeuguza wazee," aliniambia. "Unanificha mimi mkojo, mwanangu? Twende hospitali."

Daktari wa Dar es Salaam alikuta kovu limebana njia na misuli imelegea. Akanipasua. Muuguzi, binti mdogo kwangu, akanifundisha kubana misuli ya chini na kuiachia, kila siku. Nilikuwa namjibu nikitazama sakafu. Imamu naye nilimwuliza kwa kunong'ona. Akasema mwenye mkojo usiozuilika hujifunga vizuri, hutawadha wakati wa sala ukiingia, akaswali.

"Dini ilishakufikiria zamani," akasema.

Alhamdulillahi, sasa nakauka, ingawa nikicheka sana tone hutoka. Nasema haya mbele yenu, wakwe zangu nao wamo, na uso unaniwaka. Lakini najua sipo peke yangu. Yupo mama aliyeumia kwa uzazi, yupo mzee anayesumbuliwa na tezi dume. Msikae ndani. Ukiona haya kwenda, nipitie nyumbani twende wote. Kwa daktari nitatangulia kuingia mimi.