Ndege Iliyokalia Mkia

Ninamiliki ndege thelathini na moja. Hakuna hata moja iliyowahi kuruka, na kwa muda mrefu hakuna hata moja iliyowahi kutoka kwenye boksi. Zilipangwa kwa ukubwa juu ya kabati la chumbani kwetu Nateete, na mke wangu akaziita uwanja wa ndege usio na abiria. Ni ndege za plastiki, za kuunganisha. Unanunua boksi, ndani unakuta fremu zenye vipande vidogo vidogo, unavikata, unavigandisha, unavipaka rangi, na mwisho unapata ndege ya kukaa kiganjani. Hayo ya kukata na kugandisha niliyajua vizuri sana, kwa kuyasoma.

Msidhani nilikuwa peke yangu. Tulikuwa na chama. Watu wazima watano, wenye kazi zao na vitambi vyao, tulikutana kila Jumamosi mchana katika chumba kilicho nyuma ya duka la kuchapisha kadi za harusi kule Nakivubo, na kila mtu alikuja na boksi lake. Utaratibu wetu ulikuwa wa heshima. Boksi linawekwa mezani, mwenyewe anainua kifuniko taratibu, sisi wengine tunainama kutazama vipande vilivyo ndani ya mfuko wa nailoni. Mmoja anasema "eeh," mwingine anatikisa kichwa kwa uchungu wa mapenzi, kisha kifuniko kinarudishwa. Mfuko haupasuliwi. Ukishaupasua huna tena ndege kamili, una vipande, na vipande vinadai kazi. Mwenyekiti wetu ndiye aliyekuwa bingwa: alikwisha kuunganisha ndege mbili katika maisha yake, na moja kati ya hizo ilikuwa na mabawa yote.

Baba yangu, kwa upande wake, alikuwa fundi wa ndege za kweli. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa na mkoloni kutoka Sudani, na Kiswahili cha nyumbani kwetu ni cha kambini, hakina muda wa kupoteza. Miaka mingi Baba alifanya kazi Entebbe kwenye ndege moja ya mizigo, yenye propela mbili na tumbo pana, ndege isiyo na uzuri wowote. Alipostaafu alirudi Naguru na picha moja tu ukutani: yeye chini ya bawa la ndege hiyo, ameshika spana, amenuna kama watu wote walivyonuna wakipigwa picha zamani.

Miaka mitatu iliyopita nikaiona ndege hiyo hiyo, ndani ya boksi lililobonyea, kwa Mkongomani mmoja wa soko la Nakivubo aliyekuwa akifungua marobota ya midoli ya mitumba. Nikampigia Baba simu pale pale sokoni.

"Baba, nimeipata ndege yako!"

"Unaijenga lini?" akauliza.

"Karibuni, Baba."

Kilichonichelewesha ni rangi ya kijani. Mtu asiye na chama atashangaa, lakini kijani ziko nyingi, na kuipaka ndege kijani isiyo yake ni dhambi ambayo wenzangu wanne wangeikumbusha hadi mazishini. Nilimsumbua mchanganyaji wa rangi za magari mpaka akawa anajificha akiniona navuka barabara. Alinichanganyia mara tano. Kila mara nilirudi nyumbani, nikalinganisha na nakala yangu ya picha ya Baba, nikaikataa. Picha yenyewe, naomba niseme kabla hamjaniuliza, ni nyeusi na nyeupe.

Kwa nini sikumuuliza mwenye ndege, Baba mwenyewe? Nilimuuliza. Alinijibu, "Kijani ya kawaida. Tulipaka ile iko kwa pipa." Niliona jibu hilo halina utaalamu. Nikaendelea na utafiti.

Basi miaka ikaenda, nami nikanunua maboksi mengine ili lile la Baba lisione upweke. Mke wangu alikuwa akifagia chini ya kabati huku anaimba, halafu anasimama na kutazama juu. "Ssebo," yaani bwana, ananiambia, "hii ndege yako inangoja nini? Viza?" Nilimwambia kazi nzuri haina haraka. Nilijisikia mwenye hekima.

Kisha, mvua za mwaka huu zilipoanza, daktari akatuambia kwamba Baba ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kwenda siku nyingi, naye hakumwambia mtu kwa sababu hakutaka kusumbua. La kulia lilikuwa linajifunga kutoka pembeni kuja katikati. Dawa ingelichelewesha, labda mpaka mvua ziishe, labda chini ya hapo. Tulipotoka nje Baba alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu niko shule ya msingi.

"Ile ndege," akasema. "Mimi nataka kuiona. Si kusikia habari yake kwa simu. Kuona."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kama mtu aliyesahau mtoto sokoni. Jioni ile ile niliupasua mfuko, na mke wangu akaja kusimama mlangoni akitazama kwa adabu, kama vile kuna mtu anajifungua.

Nilifanya kazi majuma mawili. Nilikata, nikapiga msasa, nikagandisha vidole vyangu viwili pamoja, nikavitenganisha. Nilishika vipande kwa kibano alichokuwa aking'olea nyusi mke wangu, naye hakukidai, na hilo lilinitisha zaidi. Rangi nilichukua kopo la tatu kati ya yale matano niliyoyakataa. Sikuwa na muda wa kujua kama ndiyo yenyewe.

Sasa, ndege yenye gurudumu la mbele ina siri moja. Kabla hujafunga bodi lazima utie risasi puani, vile vipande vizito ambavyo wavuvi hufunga kwenye nyavu, la sivyo mkia unakuwa mzito na ndege inakaa chini kama mbwa. Kila muunganishaji anajua. Mimi mwenyewe nilikwisha kutoa mhadhara chamani juu ya risasi ya puani, mhadhara mrefu, wenye michoro. Kwenye karatasi ya maelekezo kulikuwa na mchoro wa kitu hicho hicho, na mshale. Nikauruka mchoro ule. Nilifunga bodi, nikaziba mshono, nikapaka rangi, nikabandika stika, nikaiweka mezani isimame kwa magurudumu yake. Ikainua pua polepole, ikakalia mkia, ikanitazama.

Chama kilikutana kwa dharura. Mwenyekiti alipima hali na kutoa hukumu: ipasuliwe upya, itiwe risasi, izibwe, ipakwe tena, mwezi mmoja. Nikawaeleza kwamba jicho la Baba halina mwezi. Ndipo mmoja wao, anayeshona sare za shule na ambaye hakuwahi kupasua hata mfuko mmoja, akachukua kijiti cha kiberiti, akakivunja, akakisimamisha chini ya mkia. Ndege ikatulia. "Mzee hataona," akasema, kisha akasikia alichokisema, akaangalia chini.

Ijumaa baada ya sala nilipanda boda mpaka Naguru, boksi la viatu mapajani. Baba alikuwa amekaa karibu na dirisha, amevaa kanzu safi na koti, kama anayengoja mgeni. Nikaiweka ndege kwenye kistuli mbele yake, nikakiegemeza kijiti kwa siri, kwa ujanja mkubwa.

Hakuinama kutazama. Alinyoosha mkono. Vidole vyake vilianza puani, vikapita kwenye kioo cha rubani, vikazigusa propela moja moja, vikashuka tumboni mpaka mkiani. Pale vikasimama. Vikakishika kijiti.

"Hii nini?"

Nilifungua mdomo niombe radhi. Yeye akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikamwangukia sikioni.

"Nani alikuambia kuweka fimbo?" akasema. "Sisi tulikuwa na fimbo ya chuma, ya kuweka hapa hapa kwa mkia! Wapakiaji walikuwa wanaanza nyuma, kila siku nyuma, unawaambia anza mbele, wanaanza nyuma. Bila fimbo ndege inakaa chini. Siku moja mimi nilisahau. Rubani alikuwa ndani na chai yake. Pua ikaenda juu, chai yote ikaenda kwa kifua ya mzungu!" Alipangusa macho. "Walinifungia ndani siku saba. Hata mama yako sikumwambia. Nilisema niko safari."

Kwa mara ya kwanza nilipata sifa kwa kosa langu, na ningekuwa mtu mwema ningemweleza ukweli. Sikumweleza. Nilisema, "Nilifanya utafiti, Baba."

"Umefanya vizuri sana." Akaiinua ndege, akaisogeza dirishani, karibu kabisa na jicho la kulia, akaigeuza huku, akaigeuza kule. Kicheko kikamwisha polepole.

"Imekaa kwako miaka ngapi?"

"Mitatu, Baba."

"Miaka tatu nyuma," akasema, "mimi nilikuwa nasoma gazeti bila miwani."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Nilikaa pale kwenye mkeka nikiwaza maboksi thelathini juu ya kabati, na ule mwaka wa kwanza, na wa pili, na Jumamosi zote tulizoinamia mifuko ya nailoni.

"Mimi naona kivuli yake tu," akasema. "Kama moshi. Umepaka rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani namna gani? Niambie."

Mimi ambaye chamani naweza kuzungumzia kijani hiyo mpaka watu waanze kutafuta funguo zao, nilitafuta neno na sikulipata. Alikuwa bado ameishikilia ndege dirishani, anangoja.

"Kijani ya kawaida, Baba," nikamwambia. "Ile iko kwa pipa."

"Ehe," akasema. "Ndiyo hiyo."