Msomaji wa Laini ya Omena

Nianze kwa kusema hii stori hainitengenezei jina. Kila nikiisimulia kwa kinyozi, watu hucheka wakinionyesha kidole, na mimi ndio nimewaletea. Lakini afadhali niiandike mwenyewe, juu nikiwaachia wengine wataongeza chumvi, na chumvi yangu pekee ilitosha.

Mimi niliishia darasa la nane. Lakini kwa kusoma, ukweli usemwe, hakuna mtu alikuwa ananigusa. Soko la Oyugis, kwa laini ya wamama wa omena, wale dagaa wa ziwa, mimi ndio nilikuwa redio. Asubuhi nilikuwa nabebea anti yangu magunia, na nikishamaliza wamama wananipatia simu zao niwasomee. Sio ati hawajui kusoma. Wengine wanasoma Biblia kunishinda. Ni vile maandishi ya simu ni madogo, mikono imejaa magamba, na mimi nasoma kama mtangazaji wa mpira. Nasoma Kiswahili, natafsiri Kijaluo, pahali panataka sauti ya askofu naweka ya askofu. Mtu akicheka, naongeza kidogo. Hiyo kuongeza kidogo ndio ilinimaliza.

Siku hiyo binamu yangu, msichana wa anti, alikuwa anarudi shule ya bweni huko Asumbi. Omena ikiuzwa, anapanda gari jioni na sabuni yake na kila kitu. Isipouzwa, anabaki nyumbani mpaka siku ya soko ingine, na mtihani ilikuwa inaanza kesho yake. Kwa hivyo alikuwa ameketi kando ya mamake, yunifomu imepigwa pasi, sanduku la bati katikati ya miguu, anaangalia kila mteja vile mtu mwenye njaa anaangalia sufuria.

Mama wa beseni ya karibu akaninyooshea simu. "Nyathina, mwanangu, hii grupu ya kanisa inalia tangu asubuhi. Niangalilie ni nini."

Nikafungua. Yawa! Maneno yalikuwa matamu mpaka nikapanda juu ya kreti. "TAHADHARI! Daktari mkuu amethibitisha kwamba samaki wadogo wakavu wanaouzwa kuanzia jana wamepuliziwa dawa ya kuua wadudu. Watu wamelazwa. Usinunue! Tuma kwa wote unaowapenda."

Nilisoma na sauti ya daktari. Nikatafsiri. Na juu "samaki wadogo wakavu" haikuwa na utamu, nikasema omena. Na juu "watu wamelazwa" ilikuwa fupi, nikashika tumbo nikayumba yumba hapo juu ya kreti.

Mzee mmoja alikuwa tayari amepimiwa gorogoro moja, mkebe mzima. Akaimwaga yote kwa beseni, akapanguza mikono na suruali, akaenda. Mama mwenye kikapu akarudi nyuma kama ameona nyoka. Punde si punde laini yote ilikuwa tupu. Nzi pekee ndio walibaki, na hao hawanunui.

Anti hakunipigia kelele. Alifunika beseni yake na leso, polepole, vile watu hufunika maiti. Nikageuka, nikapata binamu ananiangalia.

"Nani amesema?"

"Daktari mkuu."

"Wa hospitali gani? Anaitwa nani?"

"Daktari mkuu, bana! Mkuu kushinda wote."

"Jana gani?"

"Jana ni jana. Kwani huko Asumbi hamfundishwi jana?"

"Hii imefowadiwa mara nyingi, si unaona mishale? Mwenye aliandika mwanzo, jana yake ilikuwa lini?"

Nikashuka kwa kreti.

"Na imesema omena?"

"Imesema samaki wadogo wakavu."

"Omena umetoa wapi?"

"Nilikuwa nasaidia."

"Leta hiyo simu."

Sasa, hapo chini kulikuwa na yale maneno ya bluu ya kukuambia usome zaidi. Mimi hiyo sikuwa nabonyeza. Nikishapata pahali pa kupiga kelele, kwangu kazi imeisha. Yeye akabonyeza, akanirudishia simu, akaniambia nisome na sauti ileile. Ikaendelea: samaki hao walivuliwa pwani, wakati maji ya bahari yalipokupwa. Halafu mwisho kabisa: kama umeshakula usiogope, tuko na unga wa kusafisha tumbo, piga simu uletewe mpaka mlangoni.

"Hii omena imetoka baharini?" binamu akauliza.

"Imetoka Nam Lolwe, ziwa letu. Hapa tu."

"Na watu wakiogopa tumbo zao, nani anafurahi?"

"Mtu wa unga."

"Kumbe unajua kusoma."

Nikapanda tena kreti, nikatangaza ati ile habari ni ya uongo. Hakuna mtu alisimama. Uongo nilikuwa nimeusoma na sauti ya daktari. Ukweli nikausoma na sauti ya kijana amekosea, na hiyo sauti haiuzi kitu. Yule mama mwenye kikapu akanijibu kutoka mbali, "Sasa hivi ndio unatudanganya! Si hiyo ni omena ya anti yako?" Na swali lake lilikuwa zuri. Ningekuwa nimeuliza swali kama hilo mapema, singekuwa kwa hiyo shida.

Binamu hakubishana na mtu. Alifunua beseni ya mamake, akachota mkono mzima wa omena, kavu vile ilitoka kwa jua, mchanga ndani yake. "Kula."

"Bila kupika?"

"Bila nyanya, bila kitunguu, bila maneno."

Nikatafuna. Mama wa karibu akasema hata yangu aonje, watu wasidhani ni ya huyu tu ndio nzuri. Basi nikapelekwa beseni kwa beseni kama mgeni wa heshima. Omena kavu ikiingia kwa meno inakaa huko kama mpangaji. Watu wakaanza kurudi, sio kununua, kuniona nikikufa. Yule mzee wa suruali alikuja mpaka karibu akaninusa. Nikaomba maji, wakasema wote, "Ahaa!" Nikawaambia ni mchanga tu, nyinyi hamjawahi kunywa maji? Na kama nikikufa, mzee, nakuachia deni ya hiyo gorogoro ulimwaga.

Mama mwenye kikapu akaniangalia juu mpaka chini. "Huyu hana sumu. Mdomo bado inafanya kazi. Nipimie gorogoro mbili."

Jioni sanduku la bati lilikuwa juu ya keria ya gari, binamu akaenda mtihani wake. Hakunishukuru, na nilikuwa nimesimama hapo nikingoja shukrani. Nilikuwa nadhani kusoma ni mdomo. Kumbe mdomo unafaa kuwa wa mwisho kwa laini, na mimi wangu nilikuwa nauweka mbele kila siku.

Soko lililofuata nikashusha magunia kimya, hata salamu kidogo tu. Mama wa beseni ya karibu akaniita. Mkono mmoja simu, mkono mwingine kikombe ya plastiki, ameifunika na sahani.

"Nyathina, hii inasema ukikunywa maji ya pilipili asubuhi, huwezi koroma tena maisha yako yote. Soma polepole, mpaka kwa ile bluu. Na ukiona ni kweli, kikombe nimebeba, utaonja wewe kwanza."