Fakhria na Mabehewa ya Igalula

Fakhria binti Muhanna alizaliwa Tabora, jirani na stesheni, katika nyumba ya wauza asali. Hesabu alizipenda tangu utotoni, na mwaka 1972 serikali ikampeleka Dar es Salaam kusomea kompyuta. Mama yake, Bi Khole, alimfungia kopo la asali akauliza, "Hiyo mashine inafanya nini hasa?"

"Inahesabu, mama."

"Kwani wewe hujui kuhesabu?"

Huko alikuta chumba chenye baridi kuliko kipupwe, mashine kubwa kama makabati, na kadi ngumu za kutoboa matundu. Kutoboa alijua upesi. Kilichomshinda ni kupanga vitu ndani ya kumbukumbu ya mashine. Mwalimu wao, Raymundi, aliwapa zoezi: mabehewa yameingizwa kwenye reli iliyozibwa upande mmoja, ielezeni mashine namna ya kuyatoa. Fakhria akayapa namba, akaiamuru ichomoe la pili, kisha la tano. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Namba zako nzuri. Lakini kwenye reli ile, dada, hilo la pili utalichomoaje?"

Fakhria alirudi bwenini amenywea.

Likizo ya Idi ilimkuta nyumbani. Asubuhi moja akampelekea chai kaka yake Abbasi, aliyefanya kazi ya kupanga mabehewa stesheni. Akamkuta amenuna. Behewa la kwenda Igalula, stesheni ya jirani, lenye mbegu za pamba na lililotakiwa kuondoka kwanza, lilikuwa limetangulizwa kwenye reli iliyozibwa, na yale ya kwenda Mwanza yakasukumwa nyuma yake.

"Si ulitoe tu, kaka?"

"Nilirushe juu? Mpaka haya yote yatoke."

Fakhria akasimama na birika lake, akatazama kichwa cha treni kikivuta. Lililoingia mwisho likatoka kwanza. La Igalula, lililotangulia, likatoka mwisho. Akacheka peke yake. Kumbe haitoshi kujua una vitu gani. Ujue vinaingilia wapi na vinatokea wapi. Mabehewa yale yalikuwa rundo, kama sahani jikoni: unaanza na ya juu. Watu waliosimama kwenye dirisha la tiketi walikuwa foleni: aliyewahi ndiye anayehudumiwa. Na kabati la vifurushi, lenye majina kwenye vijumba vyake, halikujali nani kaja lini. Taja jina, upewe chako.

"Mbona unacheka? Chai inapoa," Abbasi alisema.

Aliporudi Dar zoezi likawa rahisi kama kunywa maji, na alipohitimu akapata kazi ya kompyuta hukohuko. Haikudumu. Mwaka 1974 serikali ilisitisha uagizaji wa kompyuta kutoka nje, ofisi yake ikapunguza watu, naye akarudi Tabora kufundisha hesabu. Miezi ya mwanzo, akitoka shule, alijifungia chumbani. Bi Khole alimwekea chakula tu.

Kisha siku moja akawatoa nje wasichana wa darasa lake, akawaingiza mmojammoja kwenye ujia uliozibwa mwisho.

"Haya, Zamda, uliyetangulia, toka!"

"Nitapitaje, mwalimu? Huyu Maua kanizibia!"

Ujia mzima ukaangua kicheko. Fakhria naye alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Tangu siku hiyo kila Ijumaa, wakimaliza hesabu za kawaida, alikuwa akiwafundisha mambo ya kompyuta kwa chaki tu, na wasichana wa madarasa mengine wakaanza kuja kuchungulia dirishani.