Ninajua Kinachomngoja Kaka Yangu Angani

Admin, nakuomba ulifiche jina langu. Majina niliyotumia humu pia si ya kweli.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, mhitimu wa chuo kikuu, mwenyeji wa Chemba, naishi na kufanya kazi hapa Dodoma. Sijaoa. Nilikuwa nioe mwaka huu, na msichana niliyekuwa nimuoe ameolewa Jumamosi iliyopita na kaka yangu, mtoto wa mama yangu mkubwa.

Huenda mkashangaa kwamba mimi, mtu wa nchi kavu kama hii, ni mzamiaji. Nilipokuwa chuoni nilipata kazi ya likizo katika hoteli moja ya kisiwani, na huko nikajifunza kushuka baharini na mtungi wa hewa mgongoni. Nilisoma kila kitabu nilichokipata kuhusu mchezo huo, maana sina tabia ya kufanya jambo nisilolielewa. Niliporudi Dodoma nikawa nawafundisha marafiki katika bwawa la kuogelea la hoteli. Aneth alikuwa mmoja wao. Alikuja hajui hata kuelea. Nilikuwa nikimshikilia kichwa juu ya maji mpaka hofu ikamtoka. Tukapanga fungate yetu iwe kisiwani, nikachagua mwenyewe hoteli na matumbawe tutakayoyaona kila asubuhi.

Kaka Festo aliomba nimfundishe naye. Nikamfundisha. Yaliyofuata mtayakisia. Siku Aneth aliponirudishia pete, kule mtaa wa Majengo, nje ya duka la shangazi yake, aliniambia, "Wewe kila kitu ni somo. Hata kunibusu unaeleza kwanza. Festo ananichekesha."

Fungate wanayokula sasa ni ile ile niliyoipanga mimi. Hoteli ile ile, matumbawe yale yale.

Nilitaka kukaa mbali na harusi hiyo, lakini mama aliniita. Mama akitaka jambo lisilo na mjadala huniambia kwa Kisandawe, na siku hiyo hakutia neno moja la Kiswahili: niingie kwenye kamati ya harusi ya kaka yangu, watu wasije wakasema watoto wa ndugu wawili hawasemezani. Nikaingia.

Kikao cha mwisho kilifanyika Ihumwa, kwa mjomba wetu, ambaye ndiye mwenyekiti. Ikafika ajenda ya kuvunja kamati, yaani sherehe ya kuwashukuru wanakamati baada ya harusi. Kwa kuwa wanakamati wengi wanasafiri Jumapili, ikaamuliwa sherehe iwe Jumamosi jioni, wiki moja baada ya harusi, siku ile ile maharusi wanayorudi kutoka fungate. Festo akasema hawatapoteza kitu: watazamia asubuhi, mchana watapanda ndege, jioni watakuwa ukumbini.

Nikasimama. "Shikamoo Mjomba. Naomba niseme jambo kuhusu hiyo ratiba."

"Profesa kaamka!" Festo akadakia. "Jamani, toeni madaftari."

"Ni kuhusu kuzamia. Mtu akitoka kule chini hatakiwi kupanda..."

"Mwacheni tu," Aneth, aliyekaa kando yake, akasema kwa upole wa kumsemea mgonjwa. "Bado ana uchungu. Utapita."

Nyumba nzima ikacheka. Mjomba akagonga meza. "Mwanangu, kaa. Hapa tunapanga pilau, hatujaomba mhadhara."

Nikakaa.

Nilichotaka kusema ni hiki. Mtu anapovuta hewa kule chini, mgandamizo wa maji huifanya sehemu ya hewa hiyo iyeyuke katika damu. Hutoka polepole mno, na ndiyo maana mzamiaji hungoja walau siku nzima kabla ya kuruka. Ukimpandisha angani mapema, damu hufanya povu, kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa kwa pupa. Wengine huishia na maumivu ya viungo. Wengine hawatembei tena, na wapo wanaokufa. Na Dodoma yenyewe iko juu. Hata ndege ikishatua, hawatakuwa wamerudi usawa wa bahari.

Msinijibu kwamba wenyeji wa kisiwani wanaowazamisha wageni watawazuia. Wao humwuliza kila mgeni ndege yake ni lini. Jana Festo aliandika kwenye kundi la kamati: "Hawa jamaa wana masharti kama Profesa! Nimewaambia tunaondoka Jumatatu, wakatuandikia mbizi ya Jumamosi. Msichelewe ukumbini!" Wakamjibu kwa vicheko. Aliyeelewa alichokiandika ni mimi peke yangu.

Nimemwona Festo katika fikra zangu akijaribu kuinuka kwenye kiti cha ndege, miguu ikimkatalia. Sitawadanganya: picha hiyo imenipa usingizi mzuri. Nimejaribu kumwondoa Aneth kwenye kiti cha pembeni, hatoki.

Wapo watakaoniambia nisamehe. Hilo sikuuliza. Wapo watakaosema kunyamaza ni kuua. Hoja hiyo nimeibishia vya kutosha: sikuwatuma mimi, sikuwadanganya wenyeji wa kisiwani mimi, na nilipotaka kusema nilikalishwa mbele ya ukoo. Nabishana vizuri, kisha nachukua simu na kuanza kuandika ujumbe, kisha naufuta.

Ujumbe wenyewe unaanza hivi: "Uniombe radhi kwanza, mbele ya kamati nzima, ndipo nikuambie jambo litakalookoa maisha yako." Namjua Festo. Atausoma kwa sauti, Aneth atacheka, na Jumamosi watashuka majini.

Nikiliondoa sharti hilo na kumweleza bure, kwa ukali unaostahili, huenda akaogopa. Ataahirisha mbizi, ataingia ukumbini kwa miguu yake miwili, atacheza, atamshukuru mwenyekiti, mpishi na mpiga picha, nami nitakuwa nimekaa meza ya nyuma nikipiga makofi. Hilo ndilo nisiloweza kulimeza: kumpa mtu huyu uhai wake, na bado nibaki kichekesho chake.

Leo ni Alhamisi, mna kesho tu ya kunijibu. Ninyi msio wa ukoo huu, mnaoweza kupima bila kucheka, nishaurini: nimwambie bure, au nisubiri radhi yangu?