Ng'ombe wa Kwetu Mlangoni pa Krishna

Ule mwaka wa ukame mume wangu aliacha kuchonga twiga wa watalii, akapata kazi ya kuchonga mlango wa hekalu la Krishna, mungu wa Wahindi, lililokuwa likijengwa nje ya mji wa Machakos. Lilikuwa kubwa ajabu. Minara yake tuliiona tukiwa nyumbani Mumbuni tukianika nguo. Kila siku nilimpelekea muthokoi mtupu, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, maana nyama haikuruhusiwa pale, na kila siku nilirudi nyumbani roho ikinidunda bila kujua kwa nini.

Siku mlango ulipokamilika ndipo nilipojua. Kwenye mbao Krishna alisimama akipuliza filimbi, ng'ombe wamemzunguka, na mmoja wao alikuwa na alama ya ukoo wetu pajani, ile ile tunayowachoma ng'ombe wetu kwa chuma cha moto.

"Baba watoto, umefanya nini?"

"Ng'ombe bila alama ni ya nani?" alinijibu, akiendelea kufagia vumbi la mbao.

Nilimkasirikia. Mlango ule ndio uliokuwa ukitulisha, na sasa angefukuzwa kwa ajili ya ukaidi. Nilikaa, nikainuka, nikazunguka rundo la kokoto, nikakaa tena.

Mzee wa Kihindi aliyesimamia ujenzi alikuja kukagua. Alizaliwa hapo hapo mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kama chetu. Kidole chake kilisimama kwenye alama.

"Fundi, hii ni nini?"

"Alama ya ukoo yetu, mzee."

"Hii ng'ombe ni ya Krishna. Toa hiyo."

"Si uliniambia yeye ni mchungaji?"

"Ndiyo."

"Na mchungaji si anachunga za watu?"

Mzee aliondoa kidole. Nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu akaweka patasi chini.

"Zangu zote zimekufa na hii jua. Kwetu nyasi ikiisha, unapelekea rafiki ng'ombe yako akuchungie. Alama ndiyo inaonyesha mwenyewe. Sasa mimi nimeleta hii."

"Na mvua ikirudi?" mzee aliuliza taratibu.

"Ikae tu. Hapa iko na mtu."

Mzee akawaita vijana waje wausimamishe mlango mahali pake, vile ulivyo. Mimi nililia mbele ya mafundi wote, wala sikujifuta.